Siku Yetu ya Ujiji na Kigoma
Maneno yaliyosemwa na waimbaji wa Muyama siku ya Jubilei

Tumeambiwa tuwaeleze habari za siku moja ya safari yetu ya mwaka jana, nasi twatii, ijapokuwa waimbaji hawakuzoea kusimama mbele ya watu bila kuimba.

Tulitoka Muyama kabla ya jogoo wa pili, tumejifunika mablanketi, maana baridi ya kwetu mwaijua. Kadiri gari lilivyoteremka ndivyo tulivyovua nguo moja moja, hata tulipoliona Ziwa Tanganyika tulikuwa tukitokwa na jasho. Wengi wetu hatukupata kuliona kabla ya siku ile. Shuleni tulisoma ya kuwa vilindi vyake vyafika mita 1,470, walakini kijana mmoja hakuridhika mpaka alipoyaonja maji apate kujua kama yana chumvi. Hayana.

Ujiji tulionyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Dakta Livingstone mwezi wa Novemba 1871. Mwembe wa siku zile haupo tena. Pana jiwe la ukumbusho, na miembe ambayo wenyeji husema ni wazao wake. Tuliimba hapo nyimbo mbili za kitabuni. Tena tulisimuliwa habari za Susi na Chuma, ambao pamoja na wenzao waliuchukua mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, hata Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Hapo tulikaza masikio, kwa kuwa sisi ni watu tuliozoea kubeba. Njia ile ya Ujiji ndiyo waliyopitishwa watumwa wengi waliotoka ng'ambo ya ziwa.

Kigoma tulisimuliwa habari za meli Liemba, iliyozamishwa na Wadachi wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924. Baada ya hayo tulikusudia kula, kisha kwenda kanisani, ambako tulingojewa saa kumi.

Basi mzee wetu mmoja, mwimbaji wa sauti ya besi, akaomba tumpeleke stesheni. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na jengo la Wadachi lingali limesimama. Kwa reli hiyo vijana wengi wa Buha walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, hasa tangu wenye mashamba walipoanzisha SILABU mwaka 1944, ofisi ya kuandika wafanya kazi. Waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Baba yake mzee huyu alikwenda mwaka 1950, mzee akali tumboni mwa mama yake. Mama alimsindikiza mumewe mpaka penye lori tu. Hakurudi, wala haikuja barua.

Mzee alitaka tuimbe pale. Twakiri tulibishana. Wengine walisema saa zimekwisha. Wengine, kwamba nyimbo zetu si za kuimbwa kati ya mizigo na wauza karanga. Mwalimu wetu alinyamaza. Ndipo mama mmoja akasema, "Tumeimba penye jiwe la wageni wawili. Baba yake huyu, asiye na jiwe, hatumwimbii?"

Hakuna aliyemjibu. Tukaomba ruhusa kwa wenye stesheni, tukajipanga kando ya reli, tukaimba kwa Kiha wimbo wa kumwaga msafiri, ule ambao mama zetu waliuimba mashambani na ambao hatujapata kuuimba kanisani. Abiria waliokuwa wakingoja waliacha mazungumzo. Mchukuzi mmoja mzee alishusha gunia, akavua kofia. Mzee wetu hakuimba. Alisimama akiitazama reli upande unaokwenda Tabora. Katika ubeti wa mwisho akaingia, kwa sauti iliyopotea njia, wala hakuna aliyejaribu kumrudisha.

Kanisani tulifika tumechelewa, tukaomba radhi, nao walikuwa wametuwekea uji, ulikuwa umepoa.

Wimbo ule haumo katika orodha mliyo nayo mikononi. Tumemwomba Baba Askofu ruhusa, naye ametupa. Mzee ndiye atakayeuanza.