Jiji la Arua na Mtaji wa Mnyonge

Tarehe 1 Julai, 2020, Arua ilipandishwa hadhi kutoka manispaa na kuwa jiji, pamoja na miji mingine kadhaa ya Uganda. Gombolola za mashambani zilizouzunguka mji huo ziliingizwa ndani ya mipaka ya jiji, na Dadamu ikawa miongoni mwao. Kwa usiku mmoja mkulima wa muhogo na maharagwe wa Dadamu akawa mkazi wa jiji. Jembe lake lilibaki lile lile, na njia yake ilibaki ya vumbi. Lakini ardhi ya ukoo ilianza kutazamwa kama viwanja.

Arua iko karibu kilomita 500 kutoka Kampala, ilhali mpaka wa Kongo ni mwendo wa baiskeli tu. Koboko, upande wa kaskazini, inapakana na Kongo na Sudan Kusini kwa pamoja. Kwa hiyo, yeyote anayetaka kuuelewa umaskini wa jiji hilo dogo hana budi kuutazama mpaka, na kuwatazama pia wanajeshi na askari polisi, kwa kuwa hao ndio serikali ambayo mnyonge hukutana nayo njiani kila siku ya gulio.

Wapo wanaodai kwamba watu wa Nile Magharibi ni maskini kwa sababu ya uvivu. Historia inawakanusha. Eneo hilo lilitiwa katika Uganda mwaka 1914, na wakoloni wakalifanya ghala la nguvu kazi: vijana walikwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, na wengine wakaandikishwa katika jeshi la King's African Rifles. Jasho lao lilijenga utajiri wa mbali, huku mashamba ya nyumbani yakibaki mikononi mwa akina mama na wazee. Kisha ukaja mwaka 1979. Baada ya utawala wa Idi Amin kuangushwa, na hasa kufuatia mapigano ya Oktoba 1980, maelfu kwa maelfu ya wakazi walikimbilia Zaire na Sudan. Waliporejea katika miaka ya themanini walikuta magofu. Mifugo hakuna, ajira hakuna, mtaji hakuna. Walichorudi nacho ni ujuzi wa njia za mpakani, lugha za jirani, na marafiki wa ng'ambo.

Kutokana na ujuzi huo lilizaliwa kundi lililojulikana kwa jina la Opec Boys, vijana waliouza mafuta ya magendo kutoka Kongo kwa madumu na chupa kando ya barabara za Arua. Jina lenyewe lilikuwa mzaha, maana waliojifananisha na mataifa makubwa ya mafuta hawakuwa na hata kibanda. Serikali ilikosa ushuru wake, na pasipo ushuru hakuna barabara wala mshahara wa askari. Hilo halina ubishi. Hata hivyo, baadhi ya viongozi wa Arua waliona kwamba kijana mwenye dumu la kuuza ni vigumu kumshawishi ashike bunduki, na katika miaka ya tisini, wakati kundi la waasi la West Nile Bank Front lilipokuwa likipigana katika eneo hilo, hoja hiyo ilikuwa nzito. Hapo umaskini ulionekana wazi kuwa jambo la ulinzi.

Askari wa mpakani, basi, ana kazi mbili ambazo hazipatani kwa urahisi. Silaha na malori ya walanguzi lazima yazuiwe, tena bila huruma. Lakini macho yaliyozoea kutafuta lori mara nyingi huangukia kikapu, kwa kuwa mwenye lori ana simu ya kumpigia mkubwa fulani, na mwenye kikapu hana.

Hesabu ya kikapu hicho ni fupi. Mama wa Dadamu ambaye maharagwe yake ya kilo ishirini yamemgharimu shilingi 60,000, akayauza kwa 70,000 na kulipa nauli 4,000, hubakiwa na 6,000. Akisimamishwa mara tatu njiani, na kila mara akatoa 2,000 ili apite, amefanya kazi siku nzima bure. Akinyang'anywa kikapu chenyewe, amepoteza mtaji, na wiki ijayo hana cha kuanzia. Ndipo mtoto anaporudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na kipande cha ardhi ya ukoo kinapouzwa kwa bei ya shida. Aliyepokea ile 2,000 huenda ameshaisahau kabla ya jua kuzama.

Kanuni za maadili za jeshi la NRA, zilizotiwa katika sheria mwaka 1986, zilimkataza askari kuchukua hata ndizi au muwa wa raia bila kulipa. Katiba ya mwaka 1995 nayo inawapa polisi wajibu wa kulinda maisha na mali, na inalitaka jeshi lishiriki katika kazi za uzalishaji kwa maendeleo ya taifa. Maharagwe ya kilo ishirini ni mali.

Mwezi Februari 2022 serikali ilizindua Mpango wa Maendeleo wa Parishi, ambao unatengea kila parishi shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya huweza kukopa hadi milioni moja. Ni jambo jema, ijapokuwa mpango uliokusudiwa hasa kwa wakulima utapata taabu pale shamba linapokatwa viwanja. Lakini mkopo huo nao lazima upite barabarani ukiwa kuku, ukiwa ufuta, ukiwa maharagwe. Ushuru halali udaiwe mahali palipowekwa, kwa kiwango kinachojulikana, na stakabadhi itolewe. Na aliyekwisha kuonyesha stakabadhi hiyo katika kizuizi cha kwanza aruhusiwe kupita cha pili na cha tatu, ili afike Dadamu kabla ya giza na zile shilingi 6,000 zikiwa bado zimefungwa katika pindo la kitenge.