Uma wa Mbele Usio wa Kawaida: Matunzo ya Shokapu za Baiskeli za Milimani
Mazungumzo kwa watumiaji wa baiskeli wa Bunda, Musoma na Butiama



Baiskeli ya Phoenix au Raleigh waliyoizoea wazee wetu ina uma wa chuma kitupu. Hauna springi wala oili, na matunzo yake hayazidi kuangalia beringi za shingo na kukaza nati. Siku hizi zimeingia masokoni, nyingi zikiwa za mtumba, baiskeli za milimani zenye uma unaodidimia na kuinuka. Mnunuzi huzipenda kwa sababu anazifahamu njia zetu, kuanzia mchanga wa ufukweni Musoma hadi njia za ng'ombe za Kabasa. Hatusemi msizinunue. Tunasema kwamba uma huo ni mtambo, na mtambo una gharama isiyoonekana siku ya kununua.

Uma wa kawaida wa aina hii una miguu miwili, kila mguu ukiwa bomba linaloteleza ndani ya bomba jingine. Fundi aliyewahi kufungua shokapu ya mbele ya pikipiki hatapotea sana humo. Taabu iko kwa zile zilizoundwa kwa namna nyingine.

Kuna uma wa miaka ya 1990 ambao ndani yake mna vipande vya mpira mzito, vimepangwa kama shanga katika uzi. Mpira huzeeka hata baiskeli ikiwa imesimama. Baiskeli iliyolala ghalani Ulaya kwa miaka 20 huweza kufika hapa rangi yake ikingali inang'aa, na ndani mpira umekuwa mgumu kama kwato au umesagika. Ugandamize usukani kwa uzito wa kifua chako, breki ya mbele ikiwa imeshikwa. Uma usiposhuka, au ukishuka na kubaki chini, mpira umekwisha. Muulize muuzaji vipande vingine vitapatikana wapi, na uulize kabla ya kulipa.

Kuna pia uma unaofanya kazi kwa vikono na viungo, si kwa mabomba. Kila kiungo kina bushi yake na kila bushi inalika. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, huku kidole cha mtu wa pili kikigusa kiungo kimoja baada ya kingine. Palipo na mchezo kidole kitaujua kabla ya sikio. Bushi moja ikiachwa bila kubadilishwa, huitafuna na bolti inayoishikilia.

Uma unaohitaji uangalifu kuliko yote, kwa maoni yetu, ni ule wa Cannondale ya Marekani. Kampuni hiyo ilitengeneza aina mbili za ajabu: moja yenye shokapu iliyofichwa ndani ya shingo ya fremu, na nyingine iitwayo Lefty, yenye mguu mmoja tu, upande wa kushoto. Watu hudhani mguu wa pili umeng'olewa. Sivyo, ndivyo ilivyoundwa. Katika matoleo yake ya zamani, zote mbili huteleza juu ya beringi nyembamba kama sindano. Beringi hizo zinahitaji grisi, na huhama polepole kutoka mahali pake hata uma ukapoteza sehemu ya mwendo wake. Hapo hazijafa, zinahitaji kurudishwa mahali pake na fundi anayejua utaratibu. Mpira wa kukunjamana unaozifunika ukichanika, vumbi la kiangazi huingia na kuzisaga, kwa hiyo mpira huo ndio wa kuangaliwa kwanza. Tena gurudumu la mbele la Lefty lina kitovu cha pekee: likiharibika, gurudumu la baiskeli nyingine halitaingia.

Sasa tuseme juu ya muda. Watengenezaji wengi wa shokapu huelekeza kufungua, kusafisha na kutia oili mpya kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha. Kwa mtu anayepanda baiskeli mwisho wa juma kwa starehe, hizo ni saa za miezi kadhaa. Anayebeba dagaa au maji saa 2 kila siku huzimaliza chini ya mwezi mmoja. Asiyeweza kulipa kila mwezi afanye walau hili: apanguse mabomba kwa kitambaa safi kila jioni, na asiyaoshe kwa petroli, kwa kuwa huondoa grisi na huweza kuharibu mipira.

Shokapu za hewa zina mtego wake. Vali yake hufanana na ya tairi la gari, ndiyo maana watu huzipeleka kwa mziba pancha. Chumba chake ni kidogo mno. Kompresa hukijaza kupita kiasi kwa nukta moja, na oili sili hupasuka. Itumike pampu ndogo ya mkono ya shokapu, yenye geji.

Jambo la hatari zaidi ni kuchomelea. Uma ukilegea, wengine hutaka uchomelewe ili ukakamae kama wa zamani. Miguu ya chini ya shokapu nyingi ni ya magnesi, madini yanayoweza kushika moto mkali ambao maji huuzidisha. Hata usipowaka, uma uliochomelewa hudhoofika, na ukikatika kwenye mteremko mwendeshaji hutangulia kwa uso. Ni afadhali kuutoa wote na kufunga uma wa chuma unaolingana na shingo ya fremu. Si aibu, na kwa mbeba mizigo mara nyingi ndiyo busara.

Kuhusu haki yenu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi juu ya ubora au hali ya bidhaa, na juu ya upatikanaji wa vipuri na matengenezo. Muuzaji akisema «vipuri vipo», mwombe aliandike hilo kwenye risiti, pamoja na jina la uma na hali yake. Risiti hiyo ndiyo mtakayokuja nayo mkileta malalamiko Tume ya Ushindani. Pigeni pia picha ya uma siku ya kununua, namba zilizochongwa juu yake zikisomeka, kwa sababu fundi atakayetafuta kipuri ataziuliza.