Siku Kuu ya Jirani: Diwali na Wakaaji wa Eastlands



Kila mwaka, baina ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, hupita usiku mmoja usio na mwezi ambapo mbingu za Nairobi hung'ara kwa fataki. Milio yake hutoka Ngara, Pangani na Parklands, ikasikika hata Kariokor, Ziwani, Kaloleni na Bahati. Watoto hutoka nje kutazama, nao huwauliza wazee wao kuna jambo gani. Aghalabu jibu huwa fupi: "Ni Wahindi, wana sherehe zao." Jibu hilo si la uongo, lakini ni pungufu, na mtoto aliyepewa jibu pungufu kila mwaka hukua akidhani kwamba jirani yake hana habari inayostahili kujulikana. Shabaha ya mazungumzo haya ni kueleza siku kuu hiyo ni nini, jinsi wenye siku kuu hiyo walivyopata kuwa majirani wa watu wa Eastlands, na wajibu wa kila upande katika ujirani huo.

Kwanza yafaa kutenga maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Mhindi ni mtu ambaye asili ya jamaa yake ni Bara Hindi. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi wa Kenya si Wahindu: wako Waislamu, kama vile Waismaili, Mabohora na Waithnaashari, wako Wagoa, ambao wengi wao ni Wakatoliki, wako Masingasinga, na wako wafuasi wa dini ya Kijaini. Katika hesabu za watu za miaka mingi serikali ya kikoloni ilipenda kuwahesabu watu kwa rangi. Hesabu ya mwaka 2019 iliuliza pia habari za dini, na Wahindu walioandikwa katika Kenya nzima walizidi kidogo 60,000. Ni watu wachache sana katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 47 mwaka huo, ingawa fataki zao husikika mbali.

Neno Diwali latoka katika lugha ya Kisanskriti, na maana yake ni safu ya taa. Wahindu wengi husimulia kwamba Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, alifukuzwa kwao akakaa mwituni miaka 14. Huko mkewe, Sita, akanyakuliwa na Ravana, mfalme wa Lanka. Rama alipigana naye, akamshinda, akamrudisha mkewe. Na walipokuwa wakirejea Ayodhya watu wa mji wakawasha taa ili kuwalaki. Ndiyo maana usiku huo vitaa vidogo vya udongo, vyenye mafuta na utambi, hupangwa milangoni na madirishani, na vizingiti hupambwa kwa unga wa rangi.

Wafanya biashara wa asili ya Gujarat, ambao ni wengi miongoni mwa Wahindu wa Nairobi, wana sababu nyingine tena ya kuiheshimu siku hiyo. Humwomba Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Vitabu vipya vya hesabu hufunguliwa na kuombewa, na baada ya hapo mwaka wao mpya huanza. Masingasinga nao huwasha taa wakati huo huo, wakikumbuka kufunguliwa kwa Guru Hargobind kutoka katika ngome ya Gwalior. Na Wajaini hukumbuka kufariki kwa mwalimu wao Mahavira. Hivyo taa za usiku mmoja zaweza kuwa na maana tatu katika nyumba tatu zilizopakana.

Diwali si peke yake. Kabla yake hutangulia Navratri, yaani siku tisa, ambapo wake kwa waume hucheza kwa kuzunguka duara usiku, wengine wakigonganisha vijiti. Mwezi wa Februari au Machi huwa Holi, siku ya moto na ya kurushiana rangi. Na katikati ya mwaka huwa siku ambayo dada humfunga kaka yake uzi mkononi, naye kaka huahidi kumlinda. Mtu wa Eastlands akiyatazama mambo haya bila haraka ataona mengi ambayo hata kwao yapo: ngoma, moto, mavuno, na ahadi baina ya ndugu.

Majirani hawa walifikaje? Wafanya biashara wa Kihindi walikuwako Mombasa, Lamu na Unguja tangu zamani za mashua. Lakini bara walifunguliwa njia na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Wafanya kazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba. Karibu 2,500 walikufa katika kazi hiyo, na waliobaki nchini baada ya kazi kwisha hawakufikia 7,000. Wengine wote walirudi kwao. Wenye maduka wengi waliofuata walikuja kwa nauli zao wenyewe, baada ya reli kwisha.

Mji uliozaliwa na reli uligawanywa kwa rangi. Wazungu walichukua vilima vya magharibi na kaskazini. Wahindi waliwekwa Ngara, Pangani, Parklands na sehemu za Eastleigh. Na Waafrika wakapewa upande wa mashariki: Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo, Ziwani, na baadaye Kaloleni, Bahati, Makadara na Jericho. Shirika la reli liliwajengea wafanya kazi wake wa Kiafrika Muthurwa na Makongeni. Watu walikutana mchana kiwandani na dukani, na jua likitua kila mmoja akaenda upande wake. Basi si ajabu kwamba kila mmoja alijua bei za mwenziwe lakini hakujua sala zake.

Hata hivyo ukuta huo haukuwa bila mlango. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, ulifanyika mkutano wa pamoja wa chama cha Waafrika, yaani KAU, na chama cha Wahindi wa Afrika ya Mashariki. Hapo Makhan Singh, Msingasinga na kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, alitoa shauri kwamba nchi za Afrika ya Mashariki zipewe uhuru kamili. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Kwa hiyo neno hilo zito, lililomgharimu mtu wa asili ya Kihindi miaka 11 ya maisha yake, lilisemwa ndani ya mtaa wa Waafrika wa Eastlands. Mwaka 2025 Diwali iliangukia tarehe 20 Oktoba, ambayo nchini Kenya ndiyo Siku ya Mashujaa. Na waliojua habari za Kaloleni waliona kwamba siku hizo mbili hazikukutana kama wageni.

Uko mlango mwingine, nao ni wa msiba. Kariokor ndipo mahali ambapo Wahindu wa Nairobi huchoma maiti zao kwa desturi ya dini yao. Kwa miaka mingi wapita njia walipatazama kwa hofu. Lakini Oktoba 2011 Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 na ambaye hakuwa Mhindu, alipelekwa huko. Alikuwa ameusia kwamba miti isikatwe kwa ajili ya jeneza lake, basi jeneza lilitengenezwa kwa magugu ya ziwani, mafunjo na mianzi. Julai 2019 mwili wa Bob Collymore, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, ulichomwa papo hapo. Mahali palipodhaniwa kuwa pa Wahindi tu paliwapokea watu wa mataifa mengine katika saa yao ya mwisho.

Na katika mambo madogo ya kila siku mchanganyiko umekwisha kuwa mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Maneno gari, pesa na bima yamefika katika Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi. Siku ya Krismasi, katika nyumba nyingi za Makadara au Umoja, mama akikosa kupika chapati watoto husema kwamba siku kuu haijafika. Na chapati ni mkate wa Kihindi. Watu waliokwisha kula mkate wa jirani katika siku yao iliyo kubwa kuliko zote hawawezi kusema kwamba jirani huyo ni mgeni kabisa.

Lakini haifai kusifu ujirani na kuficha majeraha yake. Iko methali ya zamani isemayo, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Baniani ni jina la kale la Mhindu mwenye biashara. Methali hiyo humtukana mtu na papo hapo hukiri kwamba kitu chake chafaa. Ndivyo watu wengi walivyoendelea kuishi: hununua kwake, hufanya kazi kwake, na humsema vibaya njiani. Kwa upande wa pili, wako wenye maduka na viwanda waliomtumia mtu wa Kayole au Dandora kwa miaka 20 bila kujua jina la mtoto wake, na wako waliomwita mtu mzima "boi" hata baada ya bendera ya ukoloni kuteremshwa.

Mambo hayo yalizaa matunda machungu. Mwaka 1967 zilitungwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia; maelfu ya Wahindi wakaondoka, wengi wakikimbilia Uingereza kabla ya sheria ya Machi 1968 kuwafungia mlango. Tarehe 1 Agosti 1982, katika jaribio la kuipindua serikali, maduka mengi ya Wahindi yalivunjwa na kuporwa, na jamaa kadha wa kadha zilitendewa jeuri ndani ya nyumba zao. Baada ya siku kama hizo watu huinua kuta za nyumba zao, na siku kuu zao huzipeleka ndani ya kuta hizo.

Sheria ya nchi imejaribu kufungua tena. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 8, hairuhusu dini ya dola, na kifungu cha 32 chamlinda kila mtu katika ibada na mafundisho ya dini yake. Sheria ya siku kuu za taifa yaitaja Diwali kuwa siku ya mapumziko kwa watu wa dini ya Kihindu. Katika mtihani wa mwisho wa shule za sekondari, dini ya Kihindu ni somo kamili kama zilivyo dini za Kikristo na za Kiislamu. Na Julai 2017 serikali ilitangaza kwamba Wakenya wa asili ya Kiasia wahesabiwe kuwa jamii ya 44 ya Kenya. Lakini sheria humfungulia mtu lango tu. Haiwezi kumpigia jirani hodi.

Liko swali ambalo Wakristo na Waislamu wa Eastlands huliuliza kwa moyo safi: je, mtu akimtakia Mhindu heri ya Diwali, au akila mithai aliyopewa, ameshiriki ibada isiyo yake? Swali hili si la kuchekwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho maneno mengi juu ya chakula kilichotolewa mbele ya sanamu, na Waislamu wana mafundisho yao juu ya jambo hilo. Yafaa kujua kwamba chakula kilichotolewa madhabahuni huitwa prasadi, nacho ni tofauti na mithai ya dukani iliyotiwa sandukuni kwa ajili ya salamu. Mwenye shaka na aulize kwa adabu. Na asiyeweza kula na ashukuru na kukataa kwa upole. Lakini salamu hazimdhuru mtu imani yake. Kusalimu si kusali.

Anayetaka kuona kwa macho yake, aweza kwenda katika hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999 kwenye njia iliyoitwa Forest Road, ambayo baadaye ilipewa jina la Wangari Maathai. Wageni wa dini zote hupokelewa. Mgeni avue viatu, avae nguo za heshima, wala asiingie na nyama au pombe.

Wahindu nao wana wajibu wao. Fataki ni baruti, na sheria yataka kibali. Tena mgonjwa, mtoto mchanga na mfanya kazi wa zamu ya usiku hawafurahii milio ya usiku wa manane. Tajiri wa kiwanda au wa nyumba afaaye kuitwa mcha Mungu humlipa mtumishi wake kabla ya taa kuwashwa, kwani sanduku la mithai halilipi deni la mshahara. Na ikiwa vitabu vipya vya hesabu vyafunguliwa usiku huo kwa maombi, basi ukurasa wa kwanza uandikwe haki za waliofanya kazi. Halafu mlango ufunguliwe, na mtumishi aalikwe pamoja na watoto wake waingie kwa mlango wa mbele, kama wageni, si kwa mlango wa jikoni.

Mambo hayo yakitendeka, mtoto wa Bahati atakapouliza juu ya mwanga ule mbinguni, mzazi wake atakuwa na jibu kamili la kumpa: kwamba ni siku ya taa, kwamba mfalme mwema alirudi nyumbani, na kwamba wanaoisherehekea ni fulani na fulani, anaowajua kwa majina yao.