Leseni Ni Moja

Watu wa Kisii na Moshi, Kampala na Kigali, Bujumbura na Bukavu wamekaa ukumbi mmoja hapa Minnesota leo, na hilo peke yake ni la kumshukuru Mungu. Najua wapo humu waliotoka zamu ya usiku asubuhi ya leo, na wapo watakaoondoka kabla ya chakula kwa sababu zamu inawaita. Hao nawapa heshima ya pekee, maana haya niliyoandaa yanawahusu wao kwanza.

Tukitazamana humu ndani, tutaona kwamba wengi wetu mkate wetu unatokana na kuhudumia wagonjwa na wazee. Wengi ni wasaidizi wa wauguzi, yaani CNA, wengine wako kwenye nyumba za malezi, wengine wanazunguka majumbani kwa watu. Mlango huo ulifunguka upesi kwa sababu sheria ya taifa inataka mafunzo ya saa 75 tu kwa uchache kabla mtu hajaanza kazi ya usaidizi katika nyumba za wazee. Ni kazi ya halali na ya heshima. Ninachosema ni kwamba tusikae hapo miaka 15 kana kwamba hakuna pengine pa kwenda. Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za mwaka 2023 zinaonyesha kwamba mshahara wa kati wa msaidizi wa muuguzi ulikuwa kiasi cha dola 38,000 kwa mwaka, na wa muuguzi aliyesajiliwa, yaani RN, ulizidi dola 86,000. Wanafanya kazi jengo moja, mara nyingi korido moja. Msaidizi anamgeuza mzee kitandani saa nane za usiku, anaona kisigino kimeanza kuwa chekundu, anajua kidonda kinakuja, lakini anachoweza kufanya ni kumwita nesi. Nesi ndiye anayekipima, ndiye anayemwarifu daktari, ndiye anayeandika mpango wa uangalizi. Macho yaliyoona kwanza ni ya ndugu yetu. Uamuzi ni wa mwenye leseni.

Leseni hiyo inapatikana kwa njia ambayo wengi wetu tunaidharau, nayo ni digrii ya uuguzi ya miaka miwili katika chuo cha jamii. Tunaambizana kwamba hiyo si digrii ya kweli, kwamba afadhali mtu angoje mpaka apate nafasi na fedha za chuo kikuu. Hebu tuangalie ushahidi. Njia hii ilibuniwa wakati hospitali za Marekani zilikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1951 Mildred Montag, mwalimu wa uuguzi, alipendekeza katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Columbia kwamba wauguzi wafunzwe kwa miaka miwili katika vyuo vidogo vya karibu na watu. Yeye mwenyewe aliwawazia kuwa ngazi ya kati, chini ya wenye shahada kamili. Lakini wahitimu walipokalia mtihani wa leseni, walifaulu, wakasajiliwa kama wenzao. Hadi leo mambo ni hayo hayo. Aliyesoma miaka miwili na aliyesoma minne wanafanya mtihani mmoja wa NCLEX-RN, na matokeo yao ya mara ya kwanza yanakaribiana sana. Kompyuta inamwuliza kila mmoja wao: una wagonjwa wanne, nani utamwendea kwanza? Haimwulizi amesoma chuo gani. Na sisi tunaotoka Kenya tunajua kwamba wauguzi wa stashahada waliofunzwa KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, ndio wanaobeba wodi nyingi kule nyumbani. Tukiugua hatuwaulizi kwa nini hawana digrii.

Atasimama mtu aseme hospitali kubwa zinataka shahada ya miaka minne. Ana hoja, na sitaipuuza. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hospitali zenye wauguzi wengi wa shahada zilikuwa na vifo vichache zaidi baada ya upasuaji. Mwaka 2017 jimbo la New York lilipitisha sheria kwamba wauguzi wapya wapate shahada ndani ya miaka 10 tangu kusajiliwa. Lakini sikilizeni sheria hiyo inavyosema: haikufunga mlango wa miaka miwili, imetaka tu mtu aendelee kusoma akiwa kazini. Kwa hiyo hoja ya shahada inatuambia tusiishie njiani, haituambii tusianze. Anayeanza chuo cha jamii anaweza kufika kwenye shahada akiwa tayari analipwa mshahara wa RN, na waajiri wengi husaidia ada. Hapa Minnesota kuna mpango wa MANE unaounganisha vyuo kadhaa vya jamii na Chuo Kikuu cha Metropolitan State, ili mwanafunzi asonge mbele bila kuanza upya. Anayengoja nafasi ya miaka minne hana leseni, na miaka inapita.

Mwingine atasema miaka miwili ni maneno tu, kwa kuwa kabla ya kuingia kuna anatomia, fiziolojia, maikrobiolojia na mtihani wa kuingilia. Ni kweli, na anayewaambia vinginevyo anawadanganya. Hesabuni miaka mitatu au zaidi. Ndiyo maana inatupasa kuwaogopa wanaoahidi njia ya mkato. Mwezi Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi ya vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600 vilivyouzwa kupitia shule za Florida, na walionunua wakajikuta leseni zao zinachunguzwa. Miaka mitatu ya jasho inamwacha mtu na leseni anayoweza kulala nayo usingizi.

Mambo ya utaratibu nayataja haraka, maswali tutayajibu mezani. Hakikisheni chuo kimeidhinishwa na Bodi ya Uuguzi ya Minnesota. Jazeni fomu ya msaada wa masomo mapema. Tangu msimu wa vuli 2024, mpango wa North Star Promise unafuta ada katika vyuo vya umma kwa wakazi wa jimbo wenye kipato cha familia chini ya dola 80,000, ambao hawana shahada ya kwanza; wenye visa ya mwanafunzi waulize kwanza, kanuni zao ni tofauti. Aliyekuwa muuguzi nyumbani asirudi darasani kabla vyeti vyake havijapelekwa TruMerit, shirika lililoitwa CGFNS hapo awali, kutathminiwa.

Sasa nitasema kwa upole, lakini nitasema. Msiba ukitokea, tunachanga maelfu ya dola kwa wiki moja, na tunafanya vyema. Lakini dada yetu akikosa wa kumlelea watoto jioni mbili kwa wiki ili ahudhurie maabara, anaachwa peke yake. Tarehe za maombi ya chuo zinajulikana katika kundi la watu wa kaunti moja, haziwafikii wa kaunti nyingine. Kanisa moja lina vitabu vya NCLEX visivyo na msomaji, na msikiti mmoja una wasomaji wasio na vitabu. Kwenye mtihani hakuna Mkisii wala Mchaga, Mhaya wala Mrundi. Tukigawanyika kwenye maandalizi, tutagawana kushindwa.

Kwa hiyo naiomba kamati ya jumuiya yetu ianzishe mfuko mmoja wa masomo ya uuguzi usio wa kabila wala dini, na orodha moja ya walezi wa watoto. Nawaomba RN mliomo humu mjitolee kufundisha hesabu za dawa Jumamosi. Na wewe uliyekuwa CNA kwa miaka mingi, usiondoke ukumbini bila kuandika jina lako kwenye karatasi iliyo mezani kwa katibu. Muhula ujao usikukute ulipo leo.