Globu Ipi Hudumu Zaidi?

Hotuba iliyotolewa katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi



Nimepewa jukumu la kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni globu za taa. Lakini kila globu inayonunuliwa kwa ajili ya ofisi, ghala au duka la chama hulipwa kwa fedha za wanachama, na huendelea kuwagharimu kila usiku inapowaka. Kwa hiyo bei ya dukani ni sehemu tu ya hesabu. Yatupasa kujua pia globu itadumu muda gani na itakula umeme kiasi gani.

Tuanze na globu ya zamani, yenye uzi mwembamba wa tungsteni. Uzi huo hung'aa kwa sababu ya moto mkali, na moto huohuo huula kidogo kidogo mpaka ukatike. Maisha yake ni saa 1,000 hivi. Globu ya halojeni, ambayo nayo ina uzi, hufikia kama saa 2,000. Taa ya mrija uliopindwa, ile ya kubana umeme, hufikia kati ya saa 6,000 na 10,000. Taa ya LED iliyo bora huandikiwa saa 15,000 hadi 25,000.

Tuchukue taa inayowaka saa 5 kila usiku. Globu ya uzi itakwisha baada ya siku 200. Taa ya LED ya saa 15,000 yaweza kufika siku 3,000, yaani zaidi ya miaka minane. Kwa mwaka mmoja, globu ya wati 60 itakula yuniti 109 hivi za umeme. LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, itakula yuniti 16 hivi. Kila katibu na azidishe tofauti hiyo ya yuniti 93 kwa bei ya umeme ya kwao, kisha kwa idadi ya taa za chama chake.

Yafaa tujue pia kwamba zile saa 1,000 hazikutokana na ufundi peke yake. Ni kweli kwamba uzi usiopata moto sana hudumu, lakini mwanga wake huwa hafifu. Globu ya kituo cha zimamoto cha Livermore, California, imewaka tangu mwaka 1901, na mwanga wake ni dhaifu mno. Hata hivyo, mwaka 1924 watengenezaji wakubwa, wakiwemo Osram wa Ujerumani na Philips wa Uholanzi, waliunda umoja ulioitwa Phoebus. Waligawana masoko, wakaweka kikomo cha saa 1,000, na kiwanda kilichotoa globu za kudumu zaidi kikatozwa faini. Walioutikisa umoja huo ni wanaushirika wenzetu. Muungano wa vyama vya ushirika wa Sweden ulijenga mjini Stockholm kiwanda cha Luma, na mwaka 1931 globu zake zikauzwa kwa bei ya chini kuliko za Phoebus. Mnunuzi mmoja mmoja asingeweza kufanya hivyo.

Ndugu Makatibu, saa zilizoandikwa kwenye boksi zisichukuliwe kuwa kiapo. Kwanza, umeme usiotulia hufupisha maisha ya taa. Volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, globu ya uzi hupoteza karibu nusu ya maisha yake. Pili, taa ya mrija huchakaa upesi ikiwashwa na kuzimwa mara kwa mara, kwa hiyo haifai chooni wala stoo. Tena ina zebaki. Ikivunjika, fungueni madirisha na msiguse vipande kwa mikono mitupu. Tatu, katika taa ya LED mara nyingi kinachokufa kwanza ni kile kifaa kidogo cha kurekebisha umeme kilichomo kitakoni, nacho huuawa na joto. Msiifungie ndani ya kifuniko kisichopitisha hewa, ila kama boksi linaruhusu. Tena saa zake huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 70, hivyo yaweza kuwa bado inawaka huku karani wa mizani akisoma kwa shida.

Pendekezo langu ni hili. Kila chama kiandike tarehe kwa wino kitakoni mwa kila globu inayofungwa, na kifungue ukurasa katika daftari la vifaa: aina, bei, mahali, siku ya kufungwa na siku ya kufa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya mwaka, tulete kurasa hizo pamoja tuzilinganishe. Hapo tutajua aina ipi ni ya kweli, na tutaweza kuagiza kwa pamoja na kumdai muuzaji dhamana ya maandishi. Chama kisicho na kumbukumbu hakina cha kumwonyesha muuzaji, wala cha kuwajibu wanachama watakapouliza fedha zao zimekwenda wapi.