Mpaka Uliofungwa

Leo tutazungumza habari za safari, tena safari ya baiskeli.

Wengi wetu twaijua baiskeli kwa kazi zake. Tumepelekea maziwa, tumebebea magunia ya mahindi, na ndugu zetu wa Busia walivushia abiria mpakani hata jina la boda boda likaenea kila mahali. Lakini kuizunguka dunia kwa baiskeli ni neno jingine. Mtu wa kwanza kufanya hivyo alikuwa Thomas Stevens, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani. Alianza safari San Francisco tarehe 22 Aprili 1884, akaimaliza Yokohama katika nchi ya Japani tarehe 17 Desemba 1886.

Baiskeli yake haikuwa kama hizi zetu. Gurudumu la mbele lilikuwa kubwa, upana wake kama sentimeta 127, na la nyuma lilikuwa dogo mno. Haikuwa na cheni. Pedali zilishikamana na gurudumu lile kubwa. Mpira wake ulikuwa mgumu, usiotiwa upepo, maana Dunlop alikuwa bado hajatengeneza mpira wake wa upepo. Mpandaji alikaa juu kabisa, na jiwe dogo tu lingeweza kumtupa kichwa mbele. Mzigo wake ulikuwa soksi, shati moja la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku lilikuwa hema na tandiko pia.

Milima ya Sierra Nevada aliikuta na theluji. Akashuka, akaisukuma baiskeli ndani ya vibanda virefu vilivyojengwa juu ya reli ili kuikinga na theluji. Sehemu kubwa ya njia ya Marekani aliipita kwa miguu. Mlima haukumzuia, ila ulimchelewesha tu. Hayo ni matata ya namna moja, na dawa yake ni kusukuma.

Lakini yako matata ya namna nyingine. Mwaka 1885 Stevens alitoka Liverpool, akapita Ulaya, akafika Constantinople, mji unaoitwa sasa Istanbul, akavuka Asia Ndogo hata Uajemi. Akapumzika Tehran wakati wa baridi. Shauri lake lilikuwa kupitia nchi za Warusi, Siberia, na kutokea Uchina. Warusi wakamkatalia. Basi akageuza shauri, akaingia Afghanistan ili apenye mpaka Bara Hindi. Huko nako akakamatwa, akapelekwa upande wa Herat chini ya ulinzi, kisha akarudishwa Uajemi.

Hatuwezi kuwalaumu sana wale waliomkamata. Mwaka uliotangulia Warusi na Waafghani walikuwa wamepigana Panjdeh, na mpaka ulikuwa bado unapimwa na Waingereza na Warusi. Mgeni anayetokea jangwani wakati kama huo, ameketi juu ya gurudumu kubwa, nani angemwamini?

Hapo hapakuwa na la kusukuma. Stevens akarudi nyuma mamia ya maili, akavuka Bahari ya Kaspi, akapanda gari la moshi na meli, akazunguka kwa bahari hata Karachi. Ndipo akaanza tena kuendesha, toka Lahore mpaka Kalkuta, katika ile barabara kuu ya Bara Hindi. Na Uchina, watu walipompiga mawe, wakubwa wa serikali walimtia katika mashua, akasafirishwa kwa mto. Maili alizoendesha alizihesabu kuwa 13,500. Zile za meli na gari la moshi hakuzificha. Aliziandika kitabuni pamoja na nyingine.

Sasa, ndugu zetu, fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo na wenzake wanataka kuhubiri katika jimbo la Asia, wanakatazwa. Wanajaribu kuingia Bithinia; hawapewi ruhusa. Wanatelemkia Troa, pwani, na usiku ule wanalala hawajui watakwenda wapi. Luka hatuambii walikatazwa kwa njia gani, wala kwa sababu gani. Sisi tunapenda kuihubiri habari hii tukikimbilia Makedonia, kwa maana huko ndiko mlango ulikofunguliwa. Tungefanya vema kukaa kidogo Troa. Wako miongoni mwetu waliokaa huko mwaka mzima. Yuko mzazi aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya chuo ambacho hatimaye hakikumchukua mtoto wake. Yuko kijana ambaye ombi lake la viza limerudi mara mbili. Kumwambia mtu huyo kwamba Makedonia yake iko karibu ni rahisi kwetu sisi tuliokwisha fika. Stevens naye alikuwa na gazeti la Marekani lililopokea habari zake, na nauli ya meli. Si kila aliyerudishwa mpakani ana nauli ya kuzunguka.

Lakini tazameni ramani. Stevens alipotoka Constantinople kwenda Uajemi alianza kuendesha Izmit, akaelekea Ankara. Izmit ni Nikomedia ya zamani, nayo imo katika Bithinia! Nchi aliyokatazwa mtume, mwendesha baiskeli aliipita bila kizuizi miaka elfu moja na mia nane baadaye, naye akaja akakatazwa kwingine.

Tena Bithinia haikuachwa gizani. Waraka wa kwanza wa Petro, katika mstari wake wa kwanza kabisa, unawasalimu waamini wa Bithinia. Na yapata mwaka 112 mtawala wa huko, Plinius, alimwandikia Kaisari Trajan akisumbuka kwamba Wakristo wamekuwa wengi, mijini na vijijini. Nani aliyewapelekea Neno? Jina lake hatukuachiwa. Mtu mwingine alipewa kazi ile ambayo Paulo aliitamani, naye Paulo katika nyaraka zake hanung'uniki hata mahali pamoja.

Hapo ndipo penye ugumu, ndugu zetu. Kukataliwa kunauma, kumwona jirani amepewa kile kile tulichokiomba kunauma zaidi. Basi asubuhi hii tunawaombea wote waliopokea barua ya kukataliwa juma hili, na wale walio Troa wasiojua kesho waelekee wapi. Na yeyote aliye na nguvu miongoni mwetu, na amtaje mbele za Mungu, kwa jina lake, yule aliyepewa nafasi ile.

Natuombe.