Kumbe moshi nao una ubaguzi!

Ndugu zangu vijana, mnaambiwa hewa ni ya wote. Ya wote wapi? Huko Louisiana, Marekani, kati ya Baton Rouge na New Orleans, viwanda vya mafuta na kemikali zaidi ya 100 vimebanana kando ya mto Mississippi. Watu wamepabatiza Uchochoro wa Kansa. Wanaoumeza moshi ule zaidi ni walalahoi weusi, vitukuu vya watumwa waliolima miwa palepale!

Sheria ya Hewa Safi ilipewa meno 1970. Aprili 2022 mamlaka ya mazingira ya taifa ikaanza kuchunguza kama vigogo wa jimbo hutoa vibali kwa ubaguzi. Mei 2023 jimbo likaishitaki. Juni, jalada likafungwa bila uamuzi. Mamlaka nzima ikafyata mkia!